Mkaja

Katika mahari niliyotoa nilipooa palikuwa na fungu moja liitwalo mkaja. Mshenga alilitaja, wazee wa Kisarawe wakalitaja tena, nami nikatia fedha katika bahasha bila ya kuuliza. Niliambiwa kuwa ni haki ya mama wa binti. Nililipa kama mtu alipavyo ushuru: kwa adabu, kwa haraka, na kwa nia ya kumaliza. Miaka mitatu ilipita, na maradhi ya dunia nzima yakaja, kabla sijajua nililipia nini.

Mkaja ni kitambaa. Mwanamke akisha kujifungua hufungwa tumbo kwa kanga iliyokunjwa, ikakazwa ili mwili uliolegea upate egemeo. Mwanamume aoapo humrudishia mama mkwe thamani ya kitambaa kile alichofungwa siku alipomzaa bibi arusi. Maana hii imo katika neno lenyewe, lakini neno huweza kukaa kinywani mwa mtu maisha yake yote lisimwingie moyoni.

Sisi twakaa Kibaha, si mbali na Maili Moja, ambapo malori ya barabara kuu ya Morogoro hayalali usiku wala mchana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwao mke wangu ni Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, katika nchi ya mihogo na mikorosho. Kibaha na Kisarawe zote ni za mkoa mmoja wa Pwani. Hata hivyo msafiri asiye na gari lake mwenyewe huteremka kwanza Dar es Salaam, akapita Gongo la Mboto na Pugu, ndipo apande Kisarawe. Katika safari hiyo hukaa bega kwa bega na watu wengi asiowajua. Siku zote jambo hilo lilikuwa uchovu tu. Katika mwaka 2020 likawa hofu.

Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona imeuenea ulimwengu. Tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza.

Desturi ya kwetu humtaka binti akazae uzazi wa kwanza kwa mama yake. Chumba cha Kisarawe kilikuwa kimekwisha kufagiwa. Mama mkwe alikuwa ameweka akiba ya kanga kuukuu, kwa kuwa kanga mpya humkwaruza mtoto, na pilipili manga ya uji wa mzazi. Lakini mama mkwe ana pumu ya miaka mingi. Basi tulikuwa na hofu mbili ambazo hazikupatana. Binti akisafiri, huenda akayapata maradhi njiani akampelekea mama yake. Mama akija, huenda akayapata yeye mwenyewe. Na sisi hatukuwa na kipimo cha kujua njia ilikuwa na hatari kiasi gani. Mwisho wa Aprili hesabu iliyotangazwa ilikuwa wagonjwa 480; baada ya hapo hesabu za taifa zilikoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka, kila mtu akabaki kuipima hatari kwa macho yake.

Nilikata shauri kuwa mke wangu azalie Kibaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama ataniona lini?"

Nikamjibu, "Baada ya arobaini tutampelekea mtoto."

Akasema, "Arobaini ni ya mtoto. Mimi je?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikajitia kazi ya kujaza maji katika ndoo yenye bomba iliyokuwa mlangoni, ijapokuwa ilikuwa imejaa.

Tulifanya maandalizi yetu. Muuguzi wa kliniki alitupa orodha ya vitu vya kuchukua siku ya kujifungua: mpira wa kutandika, pamba, glavu, wembe mpya, kibanio cha kitovu na kanga. Sisi tuliongeza sabuni na barakoa nne alizotushonea fundi wa jirani kwa mabaki ya vitenge. Barakoa, neno ambalo zamani lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa Pwani na Uarabuni, siku zile lilikuwa limehamia usoni mwa kila mtu. Sokoni ndimu na tangawizi zilipanda bei. Jioni katika nyua nyingi watu walijifunika mablanketi wakajifukiza nyungu za majani ya mwarobaini na mchaichai. Kila nyumba ilitafuta jambo la kufanya, maana woga usio na kazi humla mtu.

Mtoto alizaliwa siku chache kabla ya Idi ya mwezi Mei. Nilingoja nje chini ya mti pamoja na mwanamume mwingine ambaye sikuuona uso wake, wala yeye hakuuona wangu. Hatukujuana majina. Alfajiri muuguzi aliita jina la mke wangu, akasema kuwa ni mtoto wa kike na kwamba wote wawili ni wazima. Yule mwenzangu alinyoosha mkono anipongeze, akakumbuka, akaurudisha kifuani pake.

Kesho yake tuliruhusiwa kurudi nyumbani, na hapo ndipo nilipokutana na ujinga wangu. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hupikiwa uji, hufuliwa, na mtoto huoshwa. Kazi hizo hufanywa na mama, shangazi na majirani, na mwanamume hukaa barazani akipokea pongezi kana kwamba ndiye aliyezaa. Barazani hapakuwa na mtu, wala ndani hapakuwa na mtu. Majirani walileta chakula wakakiweka mlangoni, wakasalimu kwa mbali.

Nilimpigia simu mama mkwe. Msomaji anayejua heshima ya mkwe ataelewa uzito wa jambo lile. Kwa miaka mitatu mama yule hakuwa amenitazama usoni kwa muda mrefu, wala mimi sikuwahi kutaja mbele yake neno lolote la mwili. Sasa nilitaka anifundishe kumkanda binti yake. Nilieleza kwa kuzungukazunguka mpaka nikapotea katika maneno yangu. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

"Mwanangu, leo sina mkwe. Weka simu karibu na beseni, unisikilize."

Nikamsikiliza. Alisema maji yasizidi moto ambao mkono wangu waweza kuustahimili. Mkono wake yeye usiwe kipimo, kwani umezoea jiko. Alisema kitambaa kikamuliwe vizuri, nianzie kiunoni, nisikandamize kwa nguvu, na mke wangu akisema "basi" iwe basi. Kisha tukafika kwenye mkaja. Nilikunja kanga mara tatu kwa urefu, nikaipitisha mgongoni, nikaivuta. Ilifunguka. Nikafunga tena. Mara ya nne ikakaa. Mke wangu, aliyekuwa hajacheka tangu tulipotoka hospitali, alicheka mpaka akashika tumbo. Nilipokuwa nimepiga magoti nikikaza fundo lile, niliikumbuka bahasha yangu, nikaona haya.

Usiku wa tisa nilikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, nacho kilinitia hofu isiyo na kiasi. Nililala sebuleni. Asubuhi nilimpigia simu muuguzi wa kliniki. Aliniambia ninawe mikono mara kwa mara, nivae barakoa kila nikaribiapo, na mama asiache kunyonyesha, ushauri uleule uliotolewa na Shirika la Afya Duniani. Nilitamani kujitenga nao kabisa, lakini nani angechemsha maji? Kwa siku kumi na mbili niliendelea na kazi nikiwa nimefunikwa uso. Mwanangu aliyajua macho yangu kabla ya kukijua kinywa changu. Kikohozi kiliondoka bila ya kusema kilikuwa nini, na hata leo sikijui jina.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, katika juma lile lile ambalo arobaini ilitimia. Jumamosi yake nilikodi gari, vioo wazi, tukaenda Kisarawe. Mama mkwe alitungoja chini ya mwembe, kanga yake imefunika pua na kinywa. Hakumpokea mtoto kwanza. Alimzunguka binti yake, akapitisha mkono mgongoni pake juu ya nguo, akaligusa fundo. "Umelifunga juu mno," aliniambia, akitazama pembeni kama desturi. Nilijua kuwa sasa nilikuwa mkwe tena.

Binti yule amevuka miaka mitano. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa dharura ya korona imekwisha, na watu wengi wamezisahau ndoo za milangoni. Siyasifu maradhi; yaliwaondoa watu waliopendwa, na shukrani kwa msiba ni ukosefu wa adabu kwa wafiwa. Lakini nasema hili: wanawake walipozuiwa njia ndipo nilipoona kazi waliyokuwa wakiifanya, kazi iliyofanywa vizuri kiasi cha kutoonekana.

Mke wangu alipozaa mara ya pili, mama mkwe alikuja Kibaha, na chumba kilijaa shangazi. Mtu hakunihitaji. Hata hivyo kila alfajiri niliamka nikachemsha maji, nikayapima kwa mkono wangu, nikayaweka mlangoni. Mama mkwe aliyachukua bila ya kusema neno. Siku ya tatu alitoka akanikuta jikoni, akanipa kanga moja kuukuu, akasema niikunje.

Niliikunja mara tatu kwa urefu.