Mama na binti yake mjini Roma

Samahanini kwa ukimya. Najua kuna wadau walishaanza kudhani nimefunga kijiwe. Nilikuwa Roma, Italia, siku sita, kuripoti mkutano wa mambo ya chakula (FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lina makao makuu kule). Habari za mkutano mmeshazisoma gazetini. Hii haikuwa ya gazeti, ndiyo maana naileta hapa.

Jumamosi hatukuwa na kikao. Saa mbili asubuhi nikawa kwenye foleni ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Kuingia ni bure, lakini foleni inazunguka uwanja. Mara nikasikia nyuma yangu: "Mama, si nilikwambia uvae raba?"

Kiswahili! Nikageuka. Mama wa miaka sitini na kitu, na binti yake ameshika simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

Wa Singida, nikamwambia. Wao ni wa Marangu. Binti ni nesi Uingereza, na alijinyima miaka miwili ili amlipie mama yake safari hii. Tukawa kundi moja.

Mlangoni dada akazuiwa: mabega wazi hayaruhusiwi. Kabla hatujajua la kufanya, mama alishafungua mkoba, akatoa khanga, akamfunika. "Ulinicheka nilipoipakia," akasema.

Ukiingia tu, upande wa kulia, kuna sanamu iitwayo Pietà: Maria amempakata Yesu aliyekufa. Michelangelo aliikamilisha mwaka 1499 akiwa na miaka 24. (Mimi katika umri huo nilikuwa nahangaika na insha za chuo.) Iko nyuma ya kioo, kwa sababu mwaka 1972 mtu mmoja aliishambulia kwa nyundo. Watu wanapiga picha, wanapita. Mama hakupita. Alisimama pale muda mrefu, halafu akaniuliza: "Mbona mama ni mdogo kuliko mwanawe?"

Kweli. Maria yule ana uso wa msichana. Wataalamu wana maelezo yao, nami nikamweleza jambo moja ninalolijua: Michelangelo alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita.

"Basi ndiyo maana," mama akasema. "Hakuwahi kumwona akizeeka."

Sikuwa na la kuongeza.

Kutoka pale dada alikuwa na ratiba. Tiketi za Colosseum zilikuwa za saa tano, na ukichelewa ni shauri yako. Kisha chemchemi ya Trevi, kurusha sarafu (zinakusanywa na kupewa Caritas, wasaidie maskini). Kisha ngazi za Kihispania. Vyote kabla ya saa kumi. Tukatembea kuelekea mtoni. Njia nyingi za katikati ya Roma zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, sampietrini, vizuri kwenye picha na vibaya kwa magoti. Mama alikuwa anabaki nyuma, lakini kila akiulizwa anasema hajambo.

Karibu na daraja la Sant'Angelo tukakuta bomba la chuma linalotiririsha maji mfululizo. Waroma wanaliita nasone, yaani pua kubwa, na yapo zaidi ya 2,000 mjini. Maji yake ni safi, unakunywa bure. "Bure? Na hayakatiki?" mama akauliza, akajaza chupa. Kisha akaketi na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

Dada akakasirika. "Kwa nini hukusema? Nimehangaikia tiketi hizi miezi mitatu, mama!"

"Huko si ndiko watu walikouawa, wengine wakitazama?"

"Ndiyo, lakini..."

"Nendeni mkatazame ninyi. Mimi vifo nimeona vya kutosha." Akanywa maji. "Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimesafiri kwa msiba na kwa hospitali. Hii ndiyo safari ya kwanza ambayo mwisho wake hakuna mgonjwa. Niache nikae."

Dada akatazama saa yake. Akaketi kando ya mama, akachukua mguu mmoja, akaanza kuukanda. Saa tano ikapita. Nami sikwenda popote. Tulitazama mto Tiber na watu wanaopita mpaka jua likawa kali.

Sasa niseme kilichonileta hapa. Mama yangu amekuja Dar es Salaam mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kumuuguza baba. Mara ya pili, mwaka juzi, alikuja kutibiwa presha ya macho. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ni za kulinda kilichobaki. Siku ya kuondoka aliniuliza kama bahari iko mbali. Nilikuwa na habari ya kumalizia, mhariri anapiga simu kila dakika kumi. Nikamwambia tutaiona safari ijayo, nikampeleka stendi. Habari yenyewe leo siikumbuki hata kichwa chake.

Usiku ule nilimpigia simu kutoka hotelini. Nikamwambia mwisho wa mwezi nitamtumia nauli, aje Dar.

"Nani anaumwa?" akauliza haraka.

"Hakuna anayeumwa, mama."

Akanyamaza kidogo. "Sasa nakuja kufanya nini?"

"Kuiona bahari."

Akacheka, akasema nisipoteze hela. Nauli nimeshatuma. Tutapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, hata mara tatu akitaka, na simu ya kazini nitaiacha nyumbani.

Haya, wadau. Mama yako alisafiri lini mara ya mwisho bila msiba wala mgonjwa?