Maharage ya Rangi Zote

Mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, una milima ya Mitumba upande wa machweo na Ziwa Tanganyika upande wa macheo. Jua huchomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya maji, likapiga nyumba zetu moja kwa moja. Alasiri hujificha mapema nyuma ya Mitumba na mtaa mzima ukaingia kivulini. Mama yangu mkubwa aliufuata mwendo huo kama ratiba. Watoto wadogo wa majirani aliwapokea asubuhi tu, akiwafundisha rangi. Mchana ukigeuka aliwarudisha kwa mama zao, akisema rangi hazifundishwi kivulini.

Nazungumzia miaka ya 1993 hadi 1996. Shule za watoto wadogo zilikuwa chache na zilitaka pesa, na pesa yenyewe ilikuwa imekufa: mwaka 1993 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitoa zaire mpya, moja ikibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa Bujumbura, na Warundi wengi wakavuka mpaka kuja kwetu na watoto wao. Baadhi ya watoto hao waliketi kwenye mkeka wa mama mkubwa, wakijua Kirundi peke yake. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari. Siku zisizokuwa na masomo, nazo zilikuwa nyingi maana walimu hawakulipwa, nilikuwa msaidizi wake.

Somo la kwanza lilikuwa chakula chetu cha mchana. Maharage ya kutoka milimani huuzwa yakiwa yamechanganyika: mekundu, meupe, meusi, ya manjano, na yale yenye madoadoa. Mama mkubwa alimwaga kopo moja juu ya ungo, akaweka vifuniko vya sufuria pembeni, akaokota punje nyekundu na kuitia kwenye kifuniko kimoja. Hakusema neno. Akaokota nyeupe, akaitia kwenye kingine. Watoto walitazama mara moja tu, kisha vidole vikaanza kazi. Mtoto wa Kirundi na mtoto wa Kivira waliinama juu ya ungo mmoja, na hakuna aliyehitaji kujua lugha ya mwenzake.

Ubishi ulianza kwenye madoadoa. Punje yenye wekundu na weupe iende wapi? Mmoja aliipeleka kwa nyekundu, mwingine akaichomoa. Mama mkubwa aliwaacha wabishane. Siku moja binti mdogo alinyanyuka, akaleta kifuniko chake mwenyewe kutoka jikoni, akakiweka katikati, na madoadoa yote yakahamia huko. Nimekaa darasani miaka mingi tangu wakati ule, na bado naona kitendo kile kuwa ni fikra kamili ya mtoto wa miaka minne.

Majina yalikuja baadaye, tena kwa hatua. Kwanza: "Hii nyekundu." Siku nyingine: "Nipe nyekundu, baba." Mwisho kabisa, mkono ukishazoea: "Hii rangi gani, mama?" Nilipokwenda kusomea ualimu nilikuta hatua hizohizo tatu zikitajwa kwa jina la Mfaransa Édouard Séguin, na kwa Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Yeye alitumia vibao vilivyoviringishwa nyuzi za hariri za rangi, akianza na jozi za nyekundu, bluu na manjano, na mtoto akitafuta vinavyofanana. Mama mkubwa alikuwa na vipande vya vikwembe vilivyoanguka chini ya cherehani ya fundi jirani. Alivitandaza uani, akampa mtoto kimoja mkononi, akamtuma akatafute ndugu yake.

Rangi za kuchorea tulizitengeneza wenyewe. Nyeusi ilitoka kwenye makala yaliyosagwa, kijivu kwenye majivu, nyekundu ya udongo kwenye tofali lililovunjika, na kijani kwenye majani ya sombe yaliyotwangwa na kukamuliwa. Karatasi ilikuwa mfuko wa sementi. Lakini kilichowasimamisha watoto kilikuwa binzari manjano. Aliikoroga kwa maji kwenye kikombe, ikawa manjano kali. Kisha akadondoshea maji ya majivu yaliyochujwa, na manjano ikageuka nyekundu ya kahawia mbele ya macho yao. Akakamulia ndimu, manjano ikarudi. Majivu yana magadi, ndimu ina ukali, na binzari huhisi vyote viwili. Watoto hawakuelezwa hilo. Walidai tu irudiwe.

Kulikuwa na mvulana mmoja aliyechanganya daima kipande chekundu na cha kijani. Nyumbani walimwita mzembe. Mama mkubwa alimpa kazi ileile kwa siku kadhaa, akaona kwamba bluu na manjano hakosei hata mara moja. Akamwita mama yake, wakanong'ona mlangoni. Sijui alisoma wapi, lakini alikuwa sahihi: kuna watoto wanaozaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani vizuri, wengi wao wavulana, kwa kuwa hali hiyo hurithiwa zaidi kupitia kwa mama. Hakuna kiboko kinachoiondoa. Naandika hili kwa uzito, maana bado naona watoto wakichapwa kwa kosa la macho yao.

Na ziwa? Kila tuliposhuka ufukweni aliuliza lina rangi gani leo, na hakukubali jibu la jana. Baada ya mvua, mito ya Mitumba huteremsha tope na maji ya kando huwa kahawia. Wakati wa kiangazi ukungu na moshi hufunika milima ya Burundi, na ziwa huwa kijivu. Aliyesema "kijivu" siku ya kijivu alipongezwa, hata kama kitabu kilisema maji ni bluu.

Oktoba 1996 vita ikaingia Uvira. Watu walitawanyika, na mkeka ule haukutandikwa tena. Mwaka uliofuata hata bendera ilibadilishwa: kijani ya Zaire, yenye duara la manjano na mwenge wa moto mwekundu, ikaondolewa.

Wewe mwenye mtoto mdogo nyumbani, kabla hujateleka maharage ya leo, mpe kikombe kimoja na vifuniko vitatu. Usimuulize jina la rangi. Mwache apange kwanza. Ila usiondoke ukamwacha peke yake, kwa sababu punje huingia puani upesi sana.