Bibi harusi, simu si somo wako

Mimi ni mtoto wa Unguja, lakini riziki yangu iko Katoro, Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Nashona magauni ya harusi.

Mwezi uliopita alikuja binti kujaribisha gauni lake. Mbele ya kioo machozi yakamtoka. Mchumba wake, mchimbaji, kamtumia video za ngono, kamwambia ajifunze. "Dada, ndivyo ndoa ilivyo?"

Nikamwambia sivyo, mdogo wangu. Wale wanaigiza, wanalipwa. Mmarekani Candida Royalle aliigiza humo, na mwaka 1984 akafungua kampuni yake mwenyewe, kwa kuwa filamu zile zilimtazama mwanamume peke yake. Wakubwa wa biashara hiyo hawakuamini kama mwanamke naye ana lake analolitaka. Simtaji tumfuate; kwetu ni haramu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuzisambaza. Namtaja kwa sababu hata aliyekuwa ndani aliona mwanamke hakuulizwa.

Sisi tuna somo. Marehemu Bi Kidude alijulikana kwa ngoma, na kwa kuwafunda wari pia. Somo hukufundisha kumpendeza mume, na hukufundisha kuwa starehe ni haki yako, na kinachokuumiza ukiseme.

Al-Baqara, aya ya 187, imewafananisha mume na mke na vazi. Vazi halishonwi kwa vipimo vya mtu mwingine.

Nimemtafutia somo. Gauni bado linaning'inia dukani. Atalichukua akishazungumza na mchumba wake. Mwombeeni dua.