Kumwuguza Mwenye Pumu



Mwenye pumu huugua usiku kuliko mchana. Wote waliopata kumwuguza nyumbani wanalijua jambo hili. Mchana aweza kula, kucheka na kuzungumza na wageni; hata ifikapo saa tisa au saa kumi ya usiku, nyumba nzima imelala, kifua kinaanza kulia kama filimbi. Yule aamkaye kuwasha taa ndiye muuguzi, awe amesoma kazi hiyo ama hakusoma. Basi kwa kuwa nimeifanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika mialo ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, naona yafaa niwaandikie hao wa taa za usiku, maana wao ndio wengi, na sisi wa zahanati tu wachache.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Njia za hewa ndani ya mapafu zagawanyika mfano wa matawi ya mti, na vijitawi vya mwisho ni vyembamba sana. Katika pumu njia hizo hufura, misuli yake huzibana, na makohozi mazito huziziba. Hewa huingia kwa shida, lakini kutoka ndiko kugumu zaidi. Mgonjwa hulia kwamba hana hewa, kumbe kifua kimejaa hewa iliyonaswa. Dawa ikipatikana njia hufunguka tena. Ugonjwa sugu wa mapafu ni mwingine: njia zimechakaa pole pole kwa tumbaku, kwa moshi, au kwa kifua kikuu cha zamani, wala hazirudi kuwa kama kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu, wengi wao katika nchi zisizo na mali nyingi.

Huku kwetu moshi una habari yake. Samaki aitwaye sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Dagaa hukauka juani. Sangara ana mafuta mengi na mwili mkubwa, hakubali jua. Hana budi kubanikwa, na kubanika kwataka kuni, na kazi hii wameishika zaidi wanawake.

Katika mwalo mmoja nalimjua mama mtu mzima aliyebanika sangara zaidi ya miaka ishirini. Hakuvuta tumbaku hata siku moja. Alipoanza kukohoa na kupungukiwa pumzi, majirani walisema ni kifua kikuu. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, wala hayakuonekana vijidudu; lakini maneno ya watu hayangojei majibu ya kipimo. Kikombe chake kikatengwa, na mkwewe akawakataza watoto kulala kwa bibi yao. Nalipofika kwake na kumwamkia, “Mwangaluka, mayu,” aliitika kwa mkono tu, kwa kuwa pumzi ya kujibu hakuwa nayo. Baadaye alipelekwa Bugando, akapuliza katika chombo cha kupimia pumzi, ndipo ikajulikana kwamba ni ugonjwa sugu wa mapafu, usioambukiza mtu. Nalirudi naye mpaka nyumbani ili niyaseme hayo mbele ya mkwewe na mbele ya majirani. Naona sehemu ile ya uuguzi ilikuwa na faida kuliko vidonge.

Wala hakuwa peke yake. Madaktari waliopima watu wa umri wa miaka 30 na zaidi huko Masindi, Uganda, walitoa habari mwaka 2015 kwamba 16 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu, na wanawake hawakupungua kuliko wanaume. Jikoni kwao kulikuwa na kuni kama kwetu.

Sasa habari ya kumwuguza. Pumzi ikimbana, msimlaze. Aketi, ainamie mbele kidogo, mikono ameiegemeza mezani au magotini. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyofinywa kama apulizaye chai ya moto, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Apewe chakula kidogo kidogo, maana tumbo likijaa hukibana kifua. Tena watu watoke chumbani. Najua adabu yetu: mtu akizidiwa, ukoo wote huja, na kumwacha ni aibu. Lakini watu kumi katika chumba kimoja, na jiko la uji linafuka pembeni, humwongezea hofu, na hofu huharakisha pumzi. Waketi chini ya mti, abaki mmoja aliye mtulivu.

Huyo mwenye mapafu yaliyochakaa, akitiwa hewa ya oksijeni hospitalini, jamaa wasimwombe muuguzi afungue mtungi mpaka mwisho. Oksijeni ikizidi yaweza kumdhuru. Kwa wagonjwa wa namna hii hutafutwa kipimo cha 88 hadi 92 katika mia, wala si 100.

Dawa ya kuvuta, ambayo wengi huiita pampu, inaogopwa kupita kiasi. Nimesikia mara nyingi: “Akiizoea hataiacha, na ndiyo itakayomwua.” Sivyo. Pampu ya kufungua njia, salbutamoli, kwa kawaida ya rangi ya bluu, husaidia kwa saa chache tu wala haiondoi uvimbe ulio ndani. Dawa iondoayo uvimbe ni nyingine, nayo huvutwa kila siku hata mgonjwa akijiona mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa dunia juu ya pumu hausemi tena kwamba mtu mzima atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Aliyekufa na pampu mkononi, mara nyingi ile ya pili hakuipata, au fedha haikutosha, na hilo la fedha sina la kuwafariji.

Mtoto asiyeweza kuvuta vema na atengenezewe chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, itobolewe kitakoni tundu la kutosha mdomo wa pampu, pasiwe na upenyo. Dawa hupulizwa ndani, naye avute katika shingo ya chupa mara tano au sita. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa hiyo yafaa sawa na chombo cha dukani.

Nanyi walimu, pampu ya mwanafunzi isifungiwe kabatini. Shule moja, sitaitaja jina, ufunguo ulikwenda mnadani pamoja na mwenye kabati, na mtoto akabebwa zahanati kwa baiskeli.

Mgonjwa asipoweza kumaliza sentensi moja, au midomo ikawa na rangi ya buluu, au mbavu zikavutwa ndani, msingoje asubuhi. Na ile filimbi ikinyamaza ghafula bila yeye kupata nafuu, si habari njema: ni kwamba hewa haipiti tena. Zamani watu wa Sengerema walingoja kivuko usiku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, sababu hiyo imeondoka.

Yule mama hakupona, wala hatapona, lakini huenda mpaka kwa jirani na kurudi akipumzika mara mbili njiani. Wajukuu wamerudi kulala kwake. Hauzi tena sangara, anauza dagaa. Tanuru lake la kubanikia amelirithi mkwewe, nami nalimkuta hapo juzi, mtoto mchanga mgongoni, macho yote mawili yakitoka machozi kwa moshi. Nimezungumza na mumewe juu ya kulijenga upya mbali na nyumba, lenye bomba refu la kutolea moshi, na mtoto abaki kwa bibi yake wakati wa kazi. Kuhusu mtoto alikubali palepale. Kuhusu tanuru alisema atalijenga kabla ya mvua za vuli, akishauza samaki wa mwezi huu.