'Dakika moja tu' mbele ya geti la shule

Saa 12:30 asubuhi, mitaa ya Mikocheni iliyo kati ya Barabara ya Bagamoyo na Barabara ya Mwai Kibaki, jijini Dar es Salaam, bado imetulia. Walinzi wanafagia majani mbele ya mageti, na muuza vitumbua ndiyo kwanza anabandika chuma chake. Unaweza kutembea katikati ya barabara bila kugeuka nyuma.

Ikifika saa 1:10, mtaa uleule wenye shule haupitiki. Magari yameegeshwa pande zote mbili mpaka kwenye kona. Bajaji zinajipenyeza, bodaboda zimepakia watoto kwa mtindo wa mshikaki, na basi dogo la shule limekwama likisubiri mtu arudi nyuma. Mlinzi akimwomba mzazi asogeze gari, jibu linajulikana: "Dakika moja tu, mzee."

Fanya hesabu ya dakika hiyo. Wazazi 60 wakisimama mbele ya geti mmoja baada ya mwingine, kila mtu dakika yake moja, imeshakuwa saa nzima. Ndiyo maana hakuna anayesubiri zamu. Kila mtu anasimama popote alipopata upenyo, na mtaa unafungwa.

Mikocheni haikupimwa kwa kazi hii. Ni eneo la makazi, lenye viwanja vikubwa na barabara za ndani zilizotosha magari ya wenyeji. Kadiri miaka ilivyokwenda, nyumba nyingi zimegeuka ofisi, kliniki, chekechea na shule, lakini upana wa barabara haukubadilika. Nyingi hazina hata njia ya waenda kwa miguu. Gari likiegeshwa ukingoni, anayetembea anabaki na mahali pamoja tu pa kupita: katikati ya barabara, pamoja na magari.

Na wanaotembea ni wengi. Asubuhi hiyohiyo wanafunzi wa shule za umma, shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, wanapita hapohapo wakitoka kituo cha daladala. Mtoto wa darasa la kwanza akipita nyuma ya gari refu, dereva anayerudi nyuma anaweza asimwone kabisa hata akitazama vioo vyote. Gari linalomfikisha mwanao salama ndilo linalomweka hatarini mtoto wa mwenzio.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza barabara kuu na mabasi ya mikoani. Lakini hata mtaani, gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa husogea zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukitazama ujumbe kwenye simu kwa sekunde mbili, umeshasafiri mita 16 bila kuona mbele. Ukiwa kwenye kilomita 50, ni karibu mita 28.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Dar es Salaam imeshaonyesha kinachofanya kazi. Shirika la Amend liliendesha hapa mpango uitwao SARSAI, wa kukagua na kurekebisha barabara zinazozunguka shule. Vilivyojengwa ni vitu vya kawaida: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko vya pundamilia, alama, na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya watoto. Utafiti uliolinganisha maeneo ya shule zilizoboreshwa na zile ambazo bado ulikuta majeraha ya watoto barabarani yamepungua kwa takribani asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, yenye thamani ya dola 250,000.

Tuta hupunguza mwendo, lakini haliwezi kumzuia mzazi kuegesha mbele ya geti. Hiyo ni kazi yetu wenyewe, na dawa yake ni umbali.

Kubalianeni sehemu ya kuteremshia watoto iliyo mita 200 au 300 kutoka getini: uwanja wa kanisa au msikiti, au eneo la maduka ambayo hayajafunguliwa, kwa ruhusa ya wenyewe. Mita 300 kwa hatua za mtoto ni kama dakika tano au sita. WHO inapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa hiyo dakika hizo hazipotei.

Wadogo watembee kwa kundi, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, wazazi wakipokezana zamu. Mtoto ateremke upande wa kushoto, mbali na magari yanayopita. Zima injini unaposubiri, hasa mchana wakati wa kuwachukua, kwa sababu moshi hutoka karibu na kimo cha pua ya mtoto. Usizibe geti la jirani. Huenda ndani kuna mgonjwa anayepaswa kuwahi hospitali asubuhi hiyo.

Kwa matuta, alama na njia za miguu, kamati ya wazazi na uongozi wa shule waanzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha waandike barua kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), anayesimamia barabara za mitaani. Barua inayoambatana na picha za saa 1:10 asubuhi itajieleza vizuri zaidi.

Mkutano ujao wa wazazi, baada ya ada na sare, ombeni dakika tano za ajenda moja zaidi: gari la mwisho liishie kona ipi?