Tiva wa Mafunjo ya Dunga

Mtu atokaye mjini Kisumu na kuishika njia ya kusini, kandokando ya Ziwa Viktoria, hukuta ufuko wa Dunga. Hapo mashua za wavuvi hutia nanga, samaki hununuliwa na kuuzwa, na kando ya shughuli hizo husimama ukuta mkubwa wa majani mabichi. Hayo ni mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, na urefu wake huweza kufika mita 4 au 5.

Ndani ya ukuta huo hukaa ndege mdogo ambaye wapenzi wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali ili wamwone. Huyo ni tiva wa mafunjo. Makao yake ni mafunjo tu. Hakai msituni wala mbugani. Tena hapatikani popote duniani ila katika nchi zilizo jirani na maziwa makuu, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1911, na jina lake la kitaalamu lilitokana na milima ya Mufumbiro, iliyo mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo.

Mara nyingi mgeni hudanganyika kabla hajaingia mashuani. Huona kichakani, karibu na nyumba za watu, ndege mweusi mwenye kifua chekundu kama damu, naye hufurahi akidhani safari yake imekwisha. Mwenyeji wake humwambia, "La, Bwana, huyo siye. Huyo ni nduguye wa vichakani." Na mwenyeji husema kweli, kwa kuwa ndege hao wawili hufanana sana na hukaa karibu karibu.

Basi, atakaye kuwatambua na aangalie mambo mawili. La kwanza ni utosi: tiva wa vichakani ana kichwa cheusi chote, bali yule wa mafunjo ana utosi wa rangi ya manjano, kama aliyevaa kofia ndogo. La pili ni bawa: tiva wa mafunjo ana mstari mweupe juu ya bawa jeusi, na mwenzake hana. Urefu wa tiva wa mafunjo, toka mdomo hata ncha ya mkia, ni kama sentimita 18.

Hata hivyo, sikio humpata kabla ya jicho. Ndege huyu hupenda kupita chini chini katikati ya mashina, akitafuta wadudu, wala hajionyeshi upesi. Lakini dume na jike huitana. Mmoja hupiga mluzi wenye kuvuma, na mwenzake hujibu papo hapo, hata msikilizaji asiyejua hudhani ni sauti ya ndege mmoja. Kwa hiyo mgeni mwenye busara hufika alfajiri, huketi kimya mashuani, na hungoja.

Lakini siku hizi mahali pa kungoja pamepungua. Katika miaka iliyo kati ya 1969 na 2000, karibu nusu ya mafunjo ya Dunga yalitoweka. Mengine yalikatwa mno, mengine yalichomwa moto, na mengine yaling'olewa ili watu wapate mashamba. Ndege wengine wakifukuzwa hapa huhamia kule. Tiva wa mafunjo hana kule pa kuhamia.

Wala haifai kuwalaumu wakataji. Wanawake wengi wa ufuko ule husomesha watoto wao kwa fedha za mikeka na vikapu vya togo, na mafunjo huezeka nyumba na kuwasha moto wa jikoni. Tena funjo likatwalo kwa kisu huchipuka upya kutoka katika shina lake la chini, mradi lipewe nafasi. Lakini likichimbwa pamoja na mizizi yake ili viazi au mboga zipandwe, halirudi.

Tena hasara hiyo haiwapati ndege peke yao. Mafunjo huzuia udongo uletwao na mito usiingie ziwani, na katikati ya mashina yake samaki wachanga hujificha na kukua. Mvuvi, mfuma mikeka na tiva wote hula katika sahani moja. Kukata upande mmoja na kuuacha mwingine upumzike mpaka urefuke ni kazi iwezekanayo kwa watu waliokubaliana, na wakifanya hivyo, mikeka itafumwa, na yule atakayeketi mashuani alfajiri atasikia mluzi ukipigwa na kujibiwa.