Mashine Kongwe Haitaki Mabavu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Zamani nyenzo zenyewe zilikuwa tanga, kasia na pondo, na wazee wetu wa pwani hii walizingoja pepo za kaskazi na kusi kama sisi tunavyoingoja kengele ya kwenda nyumbani. Siku hizi nyenzo ni mashine. Mpenzi msomaji, wengi wetu tunaotoka Kibarani tumeziona mashine hizo nyuma ya boti pale feri ya zamani, mahali ambapo kivuko kilikuwa kikivusha watu na magari kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka wa 1991. Lakini kuiona si kuiwasha, hasa ikiwa kongwe.

Baba yangu ni mvuvi. Mashine yake ni ya nguvu za farasi 15, nayo imenizidi umri. Samaki wanaoletwa na boti hiyo ndio karo yangu, ndio madaftari yangu, ndio unga wa nyumbani. Mwaka jana baba aliteleza miambani akateguka bega la kulia. Alipopata nafuu aliweza kushika usukani, lakini kuvuta kamba ya mashine, wapi! Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameshakwenda Mombasa kutafuta kazi. Basi boti ikalala mchangani, nasi tukaanza kuhesabu siku. Mimi ndimi kifungua mimba. Nikamwambia, "Baba, nifunze mimi."

Ufukweni watu walicheka. Mmoja akauliza ati msichana na mashine wapi na wapi. Baba hakumjibu. Aliniambia tu, "Usimsikize yeye. Nisikize mimi."

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: mashine yataka vitu vitatu, mafuta, hewa na moto. Kimoja kikikosekana, hata waje wanaume kumi wavute, haitawaka. Kwa hiyo hatukuanza na kamba. Tulianza na mafuta.

Mashine za zamani za namna hii hazina mahali pa kutia oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na hiyo ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani. Kipimo cha yetu ni 50 kwa 1, yaani lita 10 za petroli kwa mililita 200 za oili. Oili ikipungua, vyuma husagana hadi vikashikana. Ikizidi, moshi hutanda na plagi huchafuka. Siku hiyo nilifurahi kwamba mwalimu wetu wa hesabu hakutuhurumia kwenye somo la uwiano.

Baada ya mafuta, mashine huteremshwa mpaka rafadha izame. Haifai kuiwasha nje ya maji, kwa sababu ndani yake mna pampu inayovuta maji ya kuipoza, na kipande cha mpira kilichomo huungua upesi sana kikizunguka kikavu. Kisha hufunguliwa skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Hii ni ndogo kama kifungo cha shati, lakini ikisahauliwa mashine huwaka vizuri, ikaenda mwendo mfupi, halafu ikazimika, maana mafuta hayawezi kutoka tangini bila hewa kuingia. Halafu kuna kile kipira cha kupampu mafuta. Hukibinya mara kadhaa mpaka kikawa kigumu mkononi. Kikiwa kigumu, ujue mafuta yamefika kwenye kabureta.

Hapo ndipo gia huwekwa nyutro, ili boti isiruke mbele ghafla na kumwangusha mtu. Mashine ikiwa baridi huvutwa choki, ambayo hupunguza hewa ili mafuta yawe mazito kidogo. Ndipo kamba. Kwanza nageuka nyuma nione kama kuna mtu, nisije nikampiga kiwiko. Navuta polepole mpaka nihisi meno yameshika. Kisha navuta kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja, mwili mzima, si mkono peke yake. Kamba siiachi ikarudi yenyewe kwa kishindo, bali nairudisha kwa mkono. Mashine ikishanguruma, choki hurudishwa, na macho huenda kwenye mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Mchirizi ukionekana, pampu inafanya kazi. Usipoonekana, mashine huzimwa papo hapo.

Mashine za namna hii si ngeni duniani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alitengeneza ya kwake mjini Milwaukee mwaka wa 1909, ikiwa na nguvu ya farasi 1 na nusu tu. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado mafuta, hewa na moto ndiyo siri yake.

Sasa sikiliza kwa nini nayaandika haya. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi tulikuwa tukirudi, mimi na baba, na ndoo moja ya changu na tafi. Yalikuwa maji ya bamvua, nayo yalikuwa yakipwa kwa kasi, yakitoka ndani ya hori kuelekea bahari kuu. Tulipofika karibu na mlango wa hori, mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kimya! Nyuma yetu nilisikia mawimbi yakipasuka juu ya mwamba, na maji yakaanza kuturudisha huko huko. Moyo ulinidunda kama ngoma. Baba alinyosha mkono wa kulia kuelekea kamba, akakunja uso kwa maumivu, akaurudisha.

"Nanga kwanza," akasema.

Nikaitupa. Kamba ikakaza, boti ikasimama. Msomaji, hilo ndilo neno la kushika. Boti iliyotia nanga hukupa muda wa kufikiri, na boti inayochukuliwa na maji hukupa hofu tu. Nikaanza mwanzo wa orodha. Skrubu ya hewa, iko wazi. Kipira, kigumu. Basi mafuta yapo. Gia, nyutro. Nikafungua kifuniko cha mashine, harufu ya petroli ikanijaa puani. Kumbe mafuta yanafika lakini hayachomwi! Nikachukua spana kwenye mkebe wetu wa biskuti nikatoa plagi. Ilikuwa imelowa, nyeusi kama sufuria ya kuni. Mkebeni tuna plagi ya akiba iliyofungwa kwa kitambaa kikavu. Nikaikaza pale. Choki sikuigusa, maana mafuta yalikuwa tele.

Nikavuta mara ya kwanza, hola. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, na mchirizi wa maji ukatoka kama kawaida. Baba hakunisifu. Alisema, "Ng'oa nanga twende, mama yako anangoja samaki." Kwangu mimi maneno hayo yalipita cheti.

Tangu siku hiyo boti yetu hailali tena mchangani. Siku za shule baba hutoka na binamu yangu, ambaye nilimfunza mimi mwenyewe utaratibu ule ule mpaka akaujua bila kuulizwa. Jumamosi ni zamu yangu. Karo ya muhula huu imelipwa, na hakuna mtu ufukweni anayeuliza tena wapi na wapi.

Wanafunzi wenzangu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini kugaagaa nako kuna mpango wake. Wako wanaoikabili hesabu ngumu au mtihani kwa kuvuta kamba tu, wakavuta hadi mikono ikafa ganzi, kisha wakasema somo ni kaidi. Mashine haina ukaidi. Inadai kitu fulani, na mwenye kuuliza kwa mpango, kimoja baada ya kingine, hukipata. Na pale maji yanapokuzidi kasi, usione haya kutia nanga kwanza.

Kwa hayo machache, nami hapa natia nanga.